Bangi ya tiba au dawa iliyopo tayari? Ulinganisho kwa mgonjwa na daktari wa Nairobi

Wengi wanaoniuliza kuhusu bangi hawaniulizi kama ni dawa. Hilo wameshalisikia kwa jirani, kwenye simu, au kwa binamu anayeishi Marekani. Wanachotaka kujua ni kama waache dawa walizoandikiwa hospitalini waishike hiyo, au wazitumie zote pamoja. Mimi ni mfamasia hapa Nairobi, na kabla sijajibu huwa nauliza nami: bangi ipi, kwa ugonjwa gani, kwa dozi gani, na badala ya nini?

Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, na mgonjwa na hata daktari. Mtu mwenye maumivu akilinganisha bangi na kukaa bila chochote, bangi itashinda, kwa sababu karibu kila kitu kitashinda. Ulinganisho wa haki ni kati ya bangi na dawa bora anayoweza kuipata wiki hii, katika mji huu, kwa pesa alizo nazo. Nikiupanga hivyo, kwa magonjwa mengi dawa iliyopo tayari inatangulia. Si kwa yote. Nitakaa zaidi pale ambapo uamuzi ni mgumu.

Ipi hasa?

Mmea wa bangi una kemikali zaidi ya 100 za jamii yake, lakini mbili ndizo zinazobeba mazungumzo ya tiba. THC ndiyo inayolewesha. Inashika vipokezi vya ubongo vinavyoitwa CB1, na hapo ndipo inapotoka nafuu ya kichefuchefu na ya maumivu. Hapo hapo ndipo kinapotoka kizunguzungu, moyo kwenda mbio, woga na kusahausahau. Raphael Mechoulam na mwenzake Yechiel Gaoni waliitenga huko Israeli mwaka 1964. CBD hailewishi, na kazi yake iliyothibitishwa vizuri zaidi ni kupunguza aina chache za kifafa. Ukimpa mtoto wa kifafa kitu chenye THC nyingi ukidhani ni CBD, umempa dawa nyingine kabisa.

Mgonjwa wa Nairobi husikia habari za vitu vitatu. Cha kwanza ni bangi ya mtaani, ya kuvuta au iliyotiwa kwenye keki na biskuti. Kiasi cha THC kilichomo hakijulikani, hata na anayeuza. Moshi hufanya kazi ndani ya dakika chache, kwa hiyo mtu hujua amefika wapi. Keki huchukua nusu saa hadi saa mbili, na ndiyo inayowaangusha watu: anakula kipande, haoni kitu, anaongeza kingine, kisha vyote viwili vinampanda kwa pamoja. Cha pili ni mafuta ya CBD yanayoagizwa mtandaoni na kuletwa mlangoni na boda boda. Cha tatu ni dawa za kiwandani zilizojaribiwa kwa wagonjwa na kuidhinishwa katika nchi nyingine. Kuna Epidiolex, CBD safi ya kunywa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018. Kuna Sativex, ya kupuliza mdomoni, ambayo kila mpulizo una miligramu 2.7 za THC na 2.5 za CBD. Na kuna dronabinoli, ambayo ni THC iliyotengenezwa maabara, pamoja na nduguye nabiloni. Zote mbili ziliidhinishwa Marekani mwaka 1985.

Karibu ushahidi wote mzuri unaosimuliwa kwenye habari umetoka kwenye kitu cha tatu. Mkononi mwa mgonjwa wetu kuna cha kwanza au cha pili.

Mama mmoja aliniwekea chupa ya mafuta kwenye kaunta. "Daktari, hii nimpe matone mangapi?" Hata sisi wa dawa watu hutuita daktari. Lebo ilisema miligramu 500 za CBD ndani ya mililita 30. Mtoto alikuwa na kilo 15, ana kifafa kilichokataa dawa mbili. Dozi ya kawaida ya Epidiolex baada ya wiki ya kwanza ni miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, ikigawanywa asubuhi na jioni, yaani kwake miligramu 150. Tukapiga hesabu nyuma ya risiti. Kila mililita ya mafuta yale ilikuwa na miligramu 16 na ushei, kwa hiyo angehitaji mililita 9 kwa siku na chupa ingeisha siku ya nne. Alikuwa akimpa matone matano, kama miligramu 4 hivi. Haifiki hata sehemu ya thelathini ya dozi. Kwa Epidiolex, yenye miligramu 100 kwa mililita, dozi ile ile ni mililita moja na nusu.

"Kwa hivyo nimekuwa nikimpa maji?"

"Umempa mafuta mama, lakini si dozi."

Na hapo tulikuwa tumeiamini lebo. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni wakazipima. Chini ya thuluthi ndizo zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa, na 18 zilikuwa na THC ndani yake. Hiyo ni nchi yenye maabara kila upande. Sioni sababu ya kudhani chupa inayopita mikono kadhaa hadi kufika Eastleigh au Kilimani ni bora kuliko hizo.

Kifafa cha mtoto

Hapa ndipo CBD imejithibitisha, na hapa ndipo ningependa kuona njia halali ikifunguliwa mapema. Jaribio lililochapishwa mwaka 2017 lilihusisha watoto na vijana 120 wenye ugonjwa wa Dravet, kifafa kibaya cha hitilafu ya jeni kinachoanza mwaka wa kwanza wa maisha. Wote waliendelea na dawa zao. Karibu nusu waliongezewa CBD, wengine dawa bandia, yaani isiyo na kitu ndani, ya kulinganishia tu. Kwa waliopata CBD, degedege za mgonjwa wa katikati, ukiwapanga kwa idadi ya degedege, zilishuka kutoka 12.4 kwa mwezi hadi 5.9. Kwa wa dawa bandia zilitoka 14.9 zikabaki 14.1. Matokeo mazuri yalipatikana pia kwa ugonjwa wa Lennox-Gastaut, na baadaye kwa ule wa tuberasi sklerosisi, ambayo nayo huleta kifafa kigumu.

Sasa linganisha na mtoto wa kifafa tunayemwona sisi. Wengi chanzo chao ni shida wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kuumia kichwa, au mabuu ya tegu yaliyofika ubongoni. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya watu wenye kifafa wanaweza kuishi bila degedege wakipata dawa za kawaida na kuzimeza ipasavyo. Fenobabitoni, valproeti, kabamazepini na levetirasetamu zinapatikana Nairobi, na baadhi yake ni bei ya chini sana. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mzazi ni hili: je, mtoto amewahi kupata dozi kamili kwa uzito wake wa leo, kila siku, bila dawa kukatika mwisho wa mwezi? Mara nyingi tatizo liko hapo. Mtoto ameongeza kilo sita na dozi imebaki ile ya mwaka juzi.

Swali la pili ni la daktari. Kama degedege zilianza kabla ya mwaka mmoja, mara nyingi kukiwa na homa, na mtoto yuko kwenye kabamazepini, itilie shaka hiyo kwanza. Kabamazepini huzidisha kifafa cha Dravet. Nimeona familia ikihangaika kutafuta fedha za mafuta kutoka ng'ambo ilhali hatua ya kwanza ilikuwa kubadilisha kidonge kilichokuwa kabatini. Kuna kliniki za chama cha KAWE hapa Nairobi zinazoshughulika na kifafa tu, na kuna madaktari bingwa wa neva za watoto. Fika huko kabla ya kuagiza chupa.

Iwapo dawa mbili au tatu zimepewa ipasavyo na zimeshindwa, na aina ya kifafa ni kati ya hizo tatu, CBD ya kiwango cha dawa inastahili kujadiliwa. Itakuja na masharti. Huongezwa juu ya dawa nyingine, haichukui nafasi yake. Anayeacha dawa za kifafa ghafla anaweza kupata degedege zisizokatika, na hizo huua. Vimeng'enya vya ini vipimwe kabla ya kuanza, kisha baada ya mwezi 1, 3 na 6, na kwa ukali zaidi kama mtoto anameza valproeti. Na akiwa kwenye klobazamu, dawa nyingine ya kifafa, CBD hupandisha kwa mara kadhaa kile ambacho mwili hutengeneza kutokana na klobazamu, hata mtoto akawa mzito wa usingizi. Sehemu ya nafuu iliyoonekana kwenye majaribio inadhaniwa ilipitia njia hiyo. Dawa ni kupunguza klobazamu. Usikimbilie kuacha CBD.

Maumivu ya saratani

Huu ndio ulinganisho unaoniuma, kwa sababu watu wanakosa dawa yenye nguvu huku wakitafuta iliyo dhaifu.

Mofini ya maji ipo Nairobi. Hospitali ya Kenyatta inayo, na Nairobi Hospice, ndani ya eneo lilo hilo la Kenyatta, imekuwa ikiwahudumia wagonjwa tangu 1990. Ni dawa ya bei nafuu, hupewa kila saa nne, na dozi hupandishwa polepole mpaka maumivu yashuke. Haina kikomo kilichowekwa kwa mgonjwa wa saratani. Kikomo ni madhara yake. Tumbo litafunga, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huandikwa siku ile ile, wala haisubiri malalamiko. Usingizi wa siku za kwanza hupungua.

Bangi kwa maumivu haya imejaribiwa kwa uzito. Sativex ilitumika kwenye majaribio makubwa kwa wagonjwa wa saratani ambao mofini na jamaa zake hazikuwatosha. Katika lengo kuu la majaribio hayo haikuishinda dawa bandia. Nchini Australia wagonjwa wenye saratani iliyosambaa walipewa CBD, na mzigo wa dalili zao haukupungua kuliko wa wale waliopewa dawa bandia. Hilo halimaanishi hakuna mgonjwa hata mmoja anayepata nafuu. Wapo wanaosema wanalala na wanatamani chakula, na mimi huwaamini. Lakini kama ni kuchagua kimoja cha kupigania leo, pigania mofini.

Kizuizi kikubwa ni hofu. Familia husikia mofini wakaona mambo mawili, uraibu na mwisho umefika. Nimemsikia kijana akimwambia nesi kwamba afadhali mzee avute bangi, hiyo ni ya asili. Mofini nayo hutoka kwenye mmea, na iko chini ya sheria ile ile ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya. Tofauti ni kwamba mofini imeshapitishwa njia yote: inajulikana ina miligramu ngapi kwa mililita, inaandikwa kwenye daftari, inatolewa kwa karatasi ya daktari, na tunajua la kufanya ikizidi. Bangi haijafikishwa huko hapa kwetu.

Na kuponya saratani yenyewe? Seli kwenye sahani ya maabara zimeuawa na THC na CBD, kama zinavyouawa na kemikali nyingi sana. Kwa binadamu hakuna ushahidi kwamba bangi huponya saratani. Mgonjwa akiahirisha upasuaji au kemo ili ajaribu mafuta kwanza, muda anaoupoteza ni ule ambao uvimbe ungeweza kutolewa. Hapa daktari aongee wazi bila kuzungukazunguka.

Kichefuchefu cha kemo

Hapa bangi ina haki ya kusikilizwa. Vidonge vya THC viliidhinishwa kwa ajili ya tatizo hili hili, na Uingereza mwongozo wa 2019 unaruhusu nabiloni iongezwe iwapo dawa za kawaida zimeshindwa. Watafiti wa Australia mwaka 2020 waliwapa kapsuli za THC na CBD wagonjwa waliokuwa wakitapika licha ya dawa za kawaida. Waliokaa bila kutapika na bila kuhitaji dawa ya ziada walitoka asilimia 14 wakafika 25, wengi wakilalamikia usingizi na kizunguzungu.

Lakini kabla ya hapo, tazama karatasi yako. Ina ondansetroni? Ina deksamethasoni? Ina olanzapini? Hii ya tatu hushtua watu kwa kuwa ni dawa ya magonjwa ya akili, ila miligramu 5 au 10 usiku hufanya kazi kubwa kwa kichefuchefu cha kemo kali, na bei yake haitishi. Ukitapika siku ya tatu na olanzapini haijawahi kuandikwa, mjulishe daktari wako wa saratani kabla hujamtafuta muuzaji.

Kuna mtego mmoja kwa madaktari. Mgonjwa anayevuta bangi kila siku kwa muda mrefu anaweza kuanza kutapika kwa sababu ya bangi yenyewe. Anavuta zaidi ili atulie, anatapika zaidi. Dalili inayomfichua ni bafu: hupata nafuu akijimwagia maji ya moto, hata anaoga mara nyingi kwa siku. Ondansetroni humsaidia kidogo. Kinachomponya ni kuacha.

Mengine, kwa haraka

Maumivu ya neva, kama miguu inayowaka kwa kisukari au baada ya mkanda wa jeshi: THC imeonyesha nafuu ndogo kwa baadhi ya watu. Amitriptilini usiku au gabapentini hutangulia. Zina madhara yake, nazo husinzisha, lakini dozi yake inajulikana. Ripoti kubwa ya Marekani ya 2017 iliona ushahidi wa kutosha kwamba bangi hupunguza maumivu sugu ya watu wazima. Mwaka 2021 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilikataa kuiunga mkono. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana, na mgonjwa ana haki ya kulijua hilo.

Kukakamaa kwa misuli kwa ugonjwa wa MS, unaoharibu neva za ubongo na uti wa mgongo: Sativex inafanya kazi kwa baadhi, na Uingereza imeitumia tangu 2010. Ni ugonjwa adimu kwetu.

Presha ya macho: usihangaike. THC hushusha presha ya jicho kwa saa tatu au nne tu, kwa hiyo mtu angelazimika kulewa usiku na mchana. Matone ya macho ya mara moja au mbili kwa siku yanaishinda kwa mbali.

Usingizi na wasiwasi: THC kidogo hutuliza, nyingi huleta woga wenyewe. Wanaoitumia kila usiku wakijaribu kuacha hukosa usingizi kuliko mwanzo. Sipendekezi.

Ukiwa unameza dawa nyingine

Sehemu hii husomwa haraka na ndiyo yenye hatari ya karibu. Wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda: CBD huzuia ini kuivunja, damu inakuwa nyepesi kupita kiasi, na kuvuja ndani kunaweza kuanza bila dalili. Kama huwezi kuacha mafuta, INR, kipimo cha damu kuganda, ipimwe ndani ya siku chache, na usingoje kliniki ya mwezi ujao. Takrolimu, dawa ya kuzuia mwili kukataa figo kwa waliopandikizwa, hupanda vilevile, na figo yenyewe ndiyo huumia.

Dawa za TB: rifampisini hufanya kinyume, inaharakisha ini hata THC na CBD zinashuka. Mtoto wa kifafa anayenufaika na CBD akianza vidonge vya TB, degedege zaweza kurudi na mzazi asijue kwa nini. Kwa anayemeza dawa za HIV zenye ritonaviri, THC inaweza kukaa mwilini kwa kiasi kikubwa zaidi. Na pombe, mofini, klobazamu au dawa yoyote ya usingizi pamoja na THC huongeza usingizi juu ya usingizi. Dereva wa matatu au wa boda boda asiguse usukani baada ya THC, hata kama anajiona yuko sawa. Iliyoliwa humkaa kwa saa nyingi.

Nani asiiguse THC

Mwenye ndugu wa damu aliyewahi kusikia sauti au kuona vitu visivyokuwepo, na mwenyewe aliyewahi. Utafiti wa Ulaya wa 2019 uliona kwamba wanaotumia bangi kali kila siku wana uwezekano karibu mara tano wa kupata ugonjwa wa aina hiyo kuliko wasioitumia. Wahudumu wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari hawahitaji kuambiwa. Umri nao una uzito: ubongo huendelea kukomaa hadi kama miaka 25, na takriban mtu 1 kati ya 10 wanaoitumia hushindwa kuiacha; kwa wanaoanza wakiwa vijana wadogo ni kama 1 kati ya 6.

Mjamzito na anayenyonyesha wasiitumie, hata kwa kichefuchefu cha asubuhi. Watoto huzaliwa na uzito mdogo, na dawa hupita kwenye maziwa. Mwenye ugonjwa wa moyo ajue mapigo hupanda na presha huweza kushuka akisimama. Na mwenye kinga ya chini, awe kwenye kemo au na HIV isiyodhibitiwa, asivute kabisa: majani makavu hubeba mbegu za kuvu ambazo mapafu yake hayataweza kuzipiga.

Sheria ilipo

Kenya haina mpango wa bangi ya tiba. Hakuna kadi ya mgonjwa, hakuna duka lenye leseni ya kuiuza, na askari akikukuta na msokoto hatakuuliza unaumwa nini. Sheria ya 1994 inatambua matumizi ya tiba kwa dawa zinazodhibitiwa, ndiyo maana mofini ipo, lakini kwa bangi mlango huo haujajengewa njia. Dawa yoyote ya kuuzwa inatakiwa isajiliwe na Bodi ya Dawa na Sumu. Anayekuuzia chupa muulize namba ya usajili.

Mjadala haukuanza jana. Mwaka 2018 marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra aliyekuwa akiugua saratani ya utumbo mpana, alitaka mswada wa bangi uandaliwe; alifariki Julai 2019. Mwaka 2021 jamii ya Rastafari ilienda Mahakama Kuu hapa Nairobi. Lesotho ilikuwa imeshatoa leseni za bangi ya tiba mwaka 2017. Na tarehe 2 Desemba 2020, kamisheni ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura 27 kwa 25 kuitoa bangi kwenye orodha kali kabisa ya mkataba wa 1961, ikabaki kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa pamoja na mofini. Nafasi hiyo inatosha kwa nchi inayotaka kuanza na CBD ya kifafa bila kufungua kila kitu. Ningetaka tuanze hapo: dawa moja, magonjwa matatu, madaktari bingwa wachache, ini likipimwa.

Kwa daktari

Mgonjwa wako atakuambia ukweli mara moja tu. Ukimkemea, hutausikia tena, na wafarini itaendelea kupanda bila wewe kujua. Uliza kama unavyouliza kuhusu sigara: anatumia nini, kwa njia gani, mara ngapi, kwa dalili ipi, na imemsaidia kiasi gani. Akileta chupa, isome mbele yake na mpige hesabu pamoja. Karatasi ya hesabu humshawishi mzazi kuliko hotuba.

Usiandike bangi ya kuvuta. Usiahidi. Andika kwenye faili alichokuambia kwa maneno ya kitabibu, na mweleze kwamba unaandika kwa sababu ya dawa zake. Kama mgonjwa anasafiri kwenda nchi ambako kuna Epidiolex au Sativex na bingwa wa huko ameipendekeza, mpe barua yenye dawa zake zote na majibu ya ini, na mwonye kwamba kurudi nayo kupitia uwanja wa ndege wa JKIA kunahitaji ruhusa iliyopatikana kabla ya safari. Tiba yoyote ya aina hii iwe na tarehe ya kuipima: baada ya wiki kadhaa, degedege zimepungua kwa daftari la mama au hazijapungua? Kama hazijapungua, iachwe polepole.

Kuna atakayetumia hata hivyo. Huyo usimfukuze kliniki. Mwambie asivute akiwa na mapafu mabovu, asichanganye na pombe, asiendeshe, aweke keki na mafuta mahali watoto hawafiki, na asiache dawa hata moja bila kukuambia. Akitaka kuacha na anashindwa, simu ya NACADA, mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya, ya 1192 haina malipo. Na akipangiwa upasuaji, amwambie daktari wa nusukaputi anatumia kiasi gani na alitumia mara ya mwisho lini, kwa sababu anayetumia kila siku huenda akahitaji dawa nyingi zaidi ili alale, na maumivu yake baada ya kuamka huwa makali zaidi.